Mtini Katika Nchi ya Baridi na Ukungu: Ni Aina Gani Itakayoiva?

(Hotuba iliyotolewa katika siku ya wakulima ya parokia, kwa vikundi vya akina mama na wakulima wadogo wa upande wa Limuru. Tumeiandika karibu jinsi ilivyosemwa.)

Nimeambiwa nizungumze juu ya mtini, na najua kwa nini. Kuna watu wanaopita vijijini na picha nzuri za tini zilizopasuka, nyekundu ndani, wakisema huu ndio mti wa pesa. Na nimesikia kuna vikundi viwili hapa ambavyo vimeshaanza kuchanga ili vinunue miche kabla ya mvua ya Machi. Basi nimekuja kabla pesa hazijatoka mfukoni. Sikuja kuwakataza. Nimekuja tuulizane swali moja tu: ni mtini wa aina gani?

Maana ukisema "mtini" hujasema kitu bado. Ni kama kusema "ng'ombe". Ng'ombe gani? Wa maziwa au wa kuvuta mkokoteni?

Mtini tunaousoma katika Biblia ni ndugu wa miti tunayoijua sana. Mugumo ni wa ukoo huo. Mkuyu aliopanda Zakayo ni wa ukoo huo, na tunao kando ya mito yetu. Lakini mtini wenyewe kwao ni Asia ya magharibi na nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Huko kiangazi ni kirefu, kikavu, jua linawaka miezi mitatu au minne bila wingu. Tunda lake limezoea hivyo. Mti wenyewe ni mgumu, utaota karibu popote, hata kwenye ufa wa ukuta. Ndiyo sababu watu hudanganyika. Wanaona majani makubwa ya kijani, wanaona vitunda vimejaa, wanasema tumefaulu. Halafu vitunda vinakaa hivyo hivyo, vigumu kama mawe, mpaka vinaanguka. Kuota ni jambo moja na kuiva ni jambo lingine.

Sasa, tusidhani sisi ndio wa kwanza kupata shida hii. Kuna watu wanaoishi kwenye pwani za baridi, na wamehangaika na mtini miaka mingi kuliko sisi. Si pwani kama Mombasa. Nazungumza juu ya mahali kama San Francisco kule California, ambako maji ya bahari ni baridi na ukungu unaingia mjini katikati ya kiangazi. Mchana wa Julai pale mara nyingi haupiti nyuzi 20. Mwaonaje, si ni kama hapa kwetu? Lakini ukisafiri kama kilomita 300 kwenda bara, unafika Fresno, na mwezi huo huo mchana ni zaidi ya nyuzi 35. Tini nyingi za biashara za California zinatoka bonde hilo la joto. Jimbo moja, lakini mkulima wa Fresno na mkulima wa San Francisco hawawezi kupanda aina moja wakavuna sawa.

Mzao wa kwanza na mzao wa pili

Hapa ndipo penye siri, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Mtini waweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mzao wa kwanza hutoka kwenye tawi la mwaka uliopita, lile gumu lenye rangi ya kijivu. Vitunda hivi huanza mapema sana, mti ukiwa bado unafungua majani. Mzao wa pili hutoka kwenye tawi jipya la mwaka huu, pale jani linaposhikana na tawi. Huu huchelewa. Hata Biblia inatofautisha; someni Isaya 28:4 au Hosea 9:10 mtaona tini za kwanza zikitajwa kama kitu kinachotamaniwa peke yake.

Kwenye nchi ya joto mizao yote miwili huiva, na ule wa pili ndio mkubwa. Kwenye pwani ya baridi, mzao wa pili unakutwa na baridi kabla haujaiva. Kwa hiyo watu wa kule wameacha kuuliza "mti gani unazaa sana?" Wanauliza "mti gani una mzao wa kwanza mzuri?" Kule jimbo la Washington, karibu na Seattle, mti unaosifiwa kuliko yote unaitwa Desert King. Tunda lake ni la kijani nje, jekundu ndani, na mzao wake wa kwanza ni mwingi. Ajabu ni kwamba jina hilo maana yake ni mfalme wa jangwa! Ulipatikana Madera, kwenye bonde lile lile la joto la California, lakini umekuja kupendwa na watu wa mvua na ukungu. Kwa hiyo, msinunue mti kwa jina lake.

Kuna mwingine unaitwa Lattarula, watu wengine wanauita tini ya asali, nao unazaa mapema. Violette de Bordeaux ni mti mdogo wenye tunda dogo jeusi, tamu, unaoweza kukaa hata kwenye pipa. Osborn Prolific unapendwa na watu wa pwani ya California penye ukungu. Uingereza wanapanda zaidi Brown Turkey na Brunswick. Na Kadota, ambao unasifiwa sana vitabuni, unataka joto kali na ukavu. Kwenye ukungu utakuaibisha.

Mama mmoja hapa, ambaye binti yake yuko Tacoma, aliniuliza swali ambalo naona wengi wenu mnalo. Alisema: "Mwalimu, huyu mtoto wangu anasema huko kuna theluji. Sisi hatuna theluji. Mbona tini za jirani yake zinaiva na yangu imekataa mwaka wa tatu?"

Ni swali zuri. Jibu ni kwamba baridi ya Tacoma ni ya Desemba na Januari, wakati mtini umelala, hauna hata jani moja. Ikifika Julai na Agosti, wakati tunda linatafuta sukari, kule ni kukavu na jua ni la kutosha. Isitoshe, mwezi wa Juni mchana wao una karibu saa kumi na sita za mwanga. Sisi tuko karibu na ikweta, tuna kumi na mbili tu mwaka mzima. Na Julai yetu? Mnaijua wenyewe. Wingu limelala mpaka saa saba, saa nane mchana, siku nyingine jua halionekani kabisa. Mti wa mama huyu haujauawa na baridi. Umekosa jua wakati ule tunda lilipolihitaji.

Nyigu asiyeonekana

Kuna jambo la pili la kuangalia katika aina, na hili limewatia watu wengi hasara.

Tini si tunda la kawaida. Maua yake yako ndani, yamefungiwa humo, na mlango ni kale katundu kadogo kwenye kitako cha tunda ambako tunakaita jicho. Kuna aina za mtini ambazo tunda halikui mpaka nyigu mdogo sana aingie na poleni kutoka kwenye mtini dume. Asipoingia, tunda linaanguka likiwa bichi. Aina maarufu ya namna hii ni Smyrna, iliyotoka upande wa mji ule ule wa Smirna unaotajwa katika Ufunuo, ambao leo unaitwa Izmir, nchi ya Uturuki.

Wakulima wa California waliagiza matawi ya Smyrna miaka ya 1880. Wakapanda, ikakua vizuri sana, ikazaa, na matunda yote yakaanguka. Mwaka baada ya mwaka. Watu wakaanza kusema wale Waturuki wametudanganya, wametuuzia mti mbovu. Wengine walipoambiwa habari ya nyigu walicheka. Ni mpaka 1899 ndipo nyigu wale walipofanikiwa kuishi na kuzaana huko Fresno, na matunda yakashika. Fikirieni, karibu miaka ishirini ya kungojea mdudu.

Mtu anaweza kuniambia, lakini sisi tuna mikuyu na migumo, na nyigu wamo tele. Kweli wamo. Lakini kila mti wa ukoo huu una nyigu wake. Nyigu wa mkuyu hana haja na mtini wa Biblia. Kwa hiyo hapa kwetu msimtegemee nyigu. Tafuteni aina ambayo tunda lake hukua lenyewe bila kuchavushwa. Brown Turkey ni ya namna hiyo. Violette de Bordeaux pia, na Lattarula.

Na Desert King? Huo uko katikati. Mzao wake wa kwanza hauhitaji nyigu, ule wa pili unamhitaji. Kwa watu wa Seattle haina neno, kwa maana mzao wa pili hawautaki. Lakini kwetu sisi tuna kawaida ya kupogoa kwa panga mpaka mti ubaki kisiki. Ukipogoa Desert King hivyo, umekata matawi yote ya mwaka uliopita, ndiyo kusema umekata mzao wa kwanza wote. Unabaki na mzao wa pili, nao bila nyigu utaanguka. Utapogoa na kupalilia na kuweka samadi kila mwaka na hutakula tini hata moja. Brown Turkey ukiukata sana utazaa bado, kwenye matawi mapya.

Kwa hivyo, kama ningekuwa mkulima wa hapa na nina pesa za mti mmoja, ningechukua Brown Turkey. Si kwamba ndiyo tamu kuliko zote. Ni kwamba inavumilia makosa yetu, na inaturuhusu kuchagua wakati wa mavuno kwa kupogoa. Watu wa pwani za baridi wanakimbia majira ya kupukutika majani. Sisi tunakimbia Julai. Miezi yetu ya jua ni Januari, Februari na mwanzo wa Machi. Mimi ningepogoa mwezi wa Agosti, baridi inapoanza kulegea, ili matawi mapya yaote Septemba, vitunda vionekane kuanzia Oktoba, na kuiva kuangukie jua la Januari na Februari. Kwenye baridi tunda linachelewa, kwa hiyo ukiona limepita mpaka mvua ya Machi, mwaka unaofuata rudisha panga nyuma wiki tatu au nne. Kila ridge ina hali yake ya hewa. Andikeni tarehe kwenye daftari, msitegemee kichwa.

Nitaongeza neno juu ya jina hilo Brown Turkey. Ile ya Uingereza na ile inayouzwa California kwa jina hilo hilo si mti mmoja. Ni aina mbili tofauti. Kwa hiyo mtu akikuletea mche mwenye kibandiko, kibandiko hakitoshi. Mwambie akupeleke uone mama yake, yaani mti ule alikokata tawi. Uko wapi? Kama uko Machakos au Naivasha penye jua, hiyo haikuhusu sana wewe wa hapa juu. Joto hupungua kama nyuzi sita kila unapopanda mita 1000, na hapa tuko zaidi ya mita 2000. Uliza kama kuna mti unaoiva mahali penye baridi kama kwako. Ukiupata, uko karibu na jibu kuliko kitabu chochote.

Ukifika hapo uangalie pia jicho la tunda. Aina zenye jicho wazi, mvua inaingia, wadudu wanaingia, tunda linachacha ndani kabla hujalichuma. Kwa sisi wenye manyunyu, jicho lililofungika ni afadhali, au lile linalozibwa na tone la utomvu kama asali.

Ukuta, pipa na samadi

Ukishapata aina, bado unaweza kuusaidia mti. Waingereza hupanda mtini ukutani ili mawe yanywe joto la mchana na kulitoa usiku. Kule London, kwenye makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury huko Lambeth, kuna mitini ya aina ya White Marseilles ambayo inasemekana asili yake ililetwa na Kadinali Pole, aliyekuwa askofu mkuu kutoka 1556 hadi 1558. Imeegemea ukuta mpaka leo.

Lakini hapa muwe macho. Vitabu vyao vinasema upande wa kusini wa nyumba, kwa sababu kwao jua liko kusini. Nimeona watu wamefuata hivyo hivyo. Sisi, miezi ya Juni mpaka Agosti jua linapita upande wa kaskazini. Na kwa kuwa asubuhi zetu zina mawingu, jua la maana ni la alasiri. Basi panda ukuta wa magharibi, au kaskazini-magharibi, palipokingwa na upepo. Hata ukuta wa mabati unasaidia, mradi usiugandamize mti, uache nafasi ya mkono mmoja.

Mizizi nayo ibanwe. Hili litawashangaza. Mtini ukipewa shimo kubwa na samadi debe kwa debe, unafurahia majani. Unakuwa msitu, na matunda yanachelewa. Waingereza huujengea sanduku la mawe ardhini, kama sentimita 60 kila upande, na chini wanajaza kokoto. Sisi tunaweza kukata pipa la mafuta nusu, tukalisafisha vizuri, tukalitoboa chini, tukalifukia. Samadi kidogo mara moja kwa mwaka inatosha, na jivu. Na tawi jipya likishakuwa na majani matano au sita, bana ncha yake kwa kidole, nguvu irudi kwenye tunda.

Maji hayapaswi kusimama. Kwenye udongo wa mchanga kuna minyoo inayofanya mafundo kwenye mizizi. Na wakati wa mvua majani hushikwa na kutu. Okoteni majani yaliyoanguka myachome. Ndege mtapambana nao wenyewe, hao hawana dawa isipokuwa wavu.

Kuhusu pesa za kikundi

Sasa nirudi kwenye mchango. Tuseme kikundi kina watu thelathini, na mche mmoja ni shilingi 500. Hizo ni shilingi 15,000 zinazoenda kwa mtu mmoja mwenye pikipiki, ambaye mwaka ujao hamtamwona. Na mtini ndio mti rahisi kuliko yote kuzalisha! Unakata tawi lililokomaa, unene wa kidole, urefu wa sentimita 20 mpaka 30, unalifukia theluthi mbili kwenye udongo wa kitalu penye kivuli, kama mnavyofanya na mihogo kwa wale wanaotoka ukambani. Halihitaji kubebeshwa kama parachichi. Nunueni miti miwili au mitatu ya aina zilizothibitishwa, mipande mahali pamoja, mngojee muone inaiva au haiivi. Mtajua mwaka wa pili au wa tatu. Ikiiva, kila mama atapata vipande vyake bure. Isipoiva, mmepoteza shilingi elfu moja na mia tano.

Wale wenye watoto ng'ambo, tafadhali wasifiche matawi kwenye sanduku la nguo. Kuingiza mmea bila kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea ni kosa kisheria, na ugonjwa unaoweza kuja na kijiti kimoja utamfikia jirani yako kabla yako.

Pia msidanganywe juu ya soko. Tini mbichi ni laini, haivumilii gunia wala matatu. Haiivi baada ya kuchumwa kama ndizi, lazima iive mtini, shingo yake ilegee na tunda liiname. Kutoka hapo una siku mbili tatu. Mwenye njia ya kufikisha Nairobi asubuhi hiyo hiyo ataiuza hotelini. Asiye na njia atapika jamu. Kukausha hapa kwenye ukungu, mimi sioni. Kwa hiyo msing'oe chai wala msiuze ng'ombe. Miti miwili ukutani kwa matunda ya watoto na jamu kidogo ya kuuza baada ya ibada, hiyo naiunga mkono. Na yule wa kule juu Kinangop penye sakitu, namwambia waziwazi aendelee na plamu na peasi kwanza.

Mzee pale mbele ameinua mkono kitambo. Anauliza habari ya maziwa ya mti, kwamba mjukuu wake alivimba. Ndiyo, ni kweli. Utomvu mweupe wa mtini ukigusa ngozi halafu jua likaipiga, unaunguza kama maji moto. Wakati wa kupogoa vaeni mikono mirefu, fanyeni kazi jioni au siku ya mawingu, ambazo hapa hatukosi, na mnawe kwa sabuni mara moja. Watoto wasichezee tini mbichi. Ikishaiva vizuri utomvu huo huwa umekwisha kwenye tunda, na mnaweza kula na ganda lake.